Baba, Umezikwa kwa Wajomba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii sitasikia ile marahaba yako nzito, uliyoitamka kama mtu anayetua gunia, lakini mtoto hasalimii kwa kuangalia kama ataitikiwa. Mwili wangu mzima, ila nimechoka. Nimechoka uchovu usioisha kwa kulala. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwako hapa Mikumi, malori ya Zambia yanapita kuelekea Iringa, na kiti chako nimekigeuzia ukutani kwa sababu kila anayekuja kunipa pole anataka kukikalia.

Nimeamua kukuandikia hadharani. Watu wananiuliza habari za mazishi yako, wa huko ulikozaliwa na wa huku, na kila nikisimulia nachoka upya. Basi wasome hapa. Lakini anayeambiwa ni wewe.

Kule Uswisi wamekuandika vizuri magazetini. Wamesema ulikuwa mtoto wa mtengeneza jibini wa bondeni, ukaanza kwa kupuliza tarumbeta kwenye bendi ya kijiji, ukaishia kuongoza okestra kubwa ya mji ulio kando ya ziwa na kutunga muziki unaopigwa mpaka leo. Yote ni kweli. Hawakuandika uliyonisimulia mimi, kwamba siku ya kwanza kusimama mbele ya okestra wazee wenye fidla hawakukutazama kabisa, walitazama nota zao wakapiga walivyozoea, na wewe ukapunga mikono kama mtu anayefukuza nzi. Ulitoka pale ukalia chooni. Kesho yake ukagundua kwamba kiongozi haongozi kwa mkono, anaongoza kwa pumzi. Kabla sauti haijatoka, yeye anavuta hewa, na wote wanavuta pamoja naye. Ulinifundisha hilo nikiwa na miaka saba, na mpaka leo wanakwaya wangu wananicheka kwamba Mwalimu Felista anapumua kwa kelele.

Hawakuandika pia jinsi ulivyompata Mama. Ulikuja Kilosa kumtembelea binamu yako padri, likizo ya wiki chache, ukafuatana naye msibani. Wanawake walikuwa wanaimba, na anayeanzisha alikuwa nesi mmoja mwembamba aliyetoka zahanati na sare yake. Msiba ulipokwisha ulimfuata na karatasi na penseli ukamwomba arudie ule wimbo polepole ili uuandike. Mama akakuambia haiwezekani. Wimbo wa msiba haurudiwi bila msiba, ukiuimba hivi hivi unaita kifo. Wewe ukauliza sasa utaupataje. Akakujibu, "Subiri afe mtu mwingine." Ulizoea watu wanaorudia kipande mara kumi ukiwaamuru, ukakutana na mtu anayekukatalia mara moja tu na kwa adabu. Ulisema ndipo ulipopenda. Likizo ikawa ndefu, na padri binamu yako akawa na harusi ya kufungisha.

Baada ya hapo maisha yetu yalikatwa vipande viwili. Msimu wa okestra ulipoanza kule ulifunga sanduku, na ulirudi kiangazi, mahindi yakiwa yameshavunwa na Mto Mkondoa umepungua. Nilikukasirikia sana, nakwambia leo bila kuficha. Watoto wenzangu pale Mabwerebwere, Kilosa, walikuwa na baba wakali, baba walevi, baba wachekeshaji, mimi nilikuwa na baba wa msimu, kama maembe. Uliporudi ulitaka nikuimbie kila nilichojifunza, na mimi nilitaka tukae tu. Mama alikuwa na subira kuliko mimi. Mama alikuwa na kazi zake, hakukaa akihesabu.

Halafu ukatuchukua sote wawili kwenda kule, ulipokuwa unaongoza muziki wako mwenyewe, ule wa okestra na sauti za wanawake. Wimbo wa msiba haukuwemo, uliheshimu. Ulikuwa umetunga wako. Tuliketi mstari wa mbele, Mama amevaa gauni la kijani, na mimi viatu vilivyonibana. Ukumbi mzima ulikaa kimya kiasi kwamba mtu akimeza mate unasikia. Mimi nilimwona Mama akianza kuyumba. Nikajua. Kwetu mtu akikufurahisha hungoji amalize ndipo umpigie makofi, utakuwa umechelewa. Unainuka unamtunza palepale. Mama akafungua mkoba, akatoa kanga mpya, akainuka anacheza polepole, akapanda ngazi za jukwaa mbele ya wazungu wote wale. Nilitamani sakafu inimeze.

Wewe hukusimamisha muziki. Ulinyoosha mkono wa kushoto ili akuvishe vizuri mabegani, wa kulia ukaendelea kuongoza, na Mama akashuka anacheza vilevile akaketi. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba onyesho liliharibiwa na mtu asiyejua ustaarabu wa ukumbi. Mama alisomewa, akakuuliza kama amekuaibisha. Nakumbuka ulikuwa unakata mkate. Ukasema, "Maisha yangu yote wamenipigia makofi. Hakuna aliyewahi kunivisha." Nadhani siku hiyo ndiyo uliyoanza kurudi huku moja kwa moja, ingawa ilikuchukua miaka mingine mingi kufika.

Ulipoiacha okestra mkajenga hapa Mikumi, kwa kuwa mimi nilipangiwa kufundisha hapa na Mama alitaka kuwa karibu nami. Ukaanzisha kwaya. Wakata miwa wa Ruhembe, akina mama wa sokoni, askari wawili wa hifadhini, kijana mmoja wa wafugaji aliyekuwa na sauti ya chini kabisa na hakujua aiweke wapi. Mazoezi saa kumi. Saa kumi ilipofika hapakuwa na mtu, na wewe ulianza. Ulisimama mbele ya viti vitupu, ukavuta pumzi, ukaongoza. Watu waliokuja kwa kuchelewa walikukuta katikati ya wimbo, ukivisimamisha viti na kuviambia, "Hapana, hapana. Tena, kutoka mwanzo." Walidhani umerukwa na akili. Baadaye waliona aibu kuviachia viti wimbo, wakaanza kuwahi. Si wote. Wa Ruhembe hawajawahi kuwahi mpaka leo.

Na Bi Mwanaidi unamkumbuka, huwezi kumsahau. Siku za mwanzo kabisa za ndoa yenu, pale soko la Kilosa, mama mmoja mnene kutoka Magole alikuja akakuvua kofia, akaivaa yeye, akaondoka nayo. Ukaanza kumfuata kwa Kiswahili chako cha kuokoteza. Watu wote wakacheka, Mjomba Ramadhani, kaka yake Mama, akiwamo, alicheka mpaka akashika mbavu. Mama akakueleza kwamba ukoo wa Bi Mwanaidi na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Wao wanaweza kutuchukulia chochote na kutusema lolote, na sisi vivyo hivyo, wala hakuna kukasirika. Wakifiwa, sisi tunaenda kuwachekesha. Tukifiwa, wao. Ulifurahi kama mtoto. Kwa miaka yote iliyofuata kila alipokukuta alikuvua kofia, nawe ulijifunza kumnyang'anya ndizi.

Mama alipofariki tulimpeleka Kilosa, kwenye makaburi ya ukoo wake, nyuma ya mashamba ya Mabwerebwere. Mjomba Ramadhani, kama kaka mkubwa na msemaji wa ukoo, alikushika mkono akakushukuru kwamba umemtunza dada yake vizuri na sasa umemrudisha kwao. Alisema kwa heshima. Lakini sisi ni watu wa upande wa mama, mtoto ni wa huko, shamba ni la huko, na makaburi ni ya huko. Mwanamume anaoa, anapendwa, analishwa, anazaa, na akifa anarudi kwao. Ulielewa vizuri ulichoambiwa. Tukiwa kwenye basi tunarudi Mikumi, tulipopita kijiji cha Ulaya ambapo siku zote ulitania kwamba umefika nyumbani, hukutania. Uliniuliza, "Na mimi nitarudi kwa nani?"

Nilikujibu kwamba una bonde lenu, una kaburi la babu. Ukatikisa kichwa. Ukaniambia kule kaburi lina muda wake, miaka ikitimia wanaliondoa wanampa mtu mwingine. Kaburi la baba yako mtengeneza jibini lilikuwa limekwishaondolewa, na pale juu amelala mtu usiyemjua. Ulilisema kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni. Mimi sikulala.

Ndiyo maana moyo ulipokuzidia ukaenda kutibiwa kule, na madaktari wakaacha kukupa matumaini, ulinipigia ukaniomba jambo moja. Ulitaka kulala karibu na Mama, Agnesi wako. Na ulikuwa umekwishaamua kuchomwa, kwa kuwa kule ni kitu cha kawaida, na kwa kuwa, ulivyosema, hukutaka niteseke kusafirisha sanduku kubwa wakati unaweza kuingia kwenye mkoba wangu. Nilikuahidi. Baba, ulikuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini pale hukufikiri. Au ulifikiri ukaniachia mimi.

Nikaja kukuchukua, majivu ndani ya sanduku dogo. Nikapanda nawe ndege, nimekupakata, kisha treni ya umeme kutoka Dar mpaka Kilosa. Mtu wa kiti cha jirani akaniuliza nimebeba nini kwa uangalifu hivyo, nikamwambia baba yangu, akahama kiti.

Mjomba Ramadhani alinipokea vizuri mpaka alipoona sanduku. Akaniuliza mwili uko wapi. Nikamweleza. Akakaa chini, akavua baraghashia, akaivaa tena. Kisha akaniambia polepole, "Felista, baba yako sikumchukia. Lakini mtu amechomwa kama mabua shambani, halafu mimi nimlaze karibu na mama yangu mzazi? Na hata angekuja mzima na sanda yake, si wa hapa. Ni mgeni wetu mwema. Mgeni anasindikizwa kwao."

Nikamwambia kwenu hakuna, kaburi la babu limekwishaondolewa. Hilo lilimshtua zaidi ya moto. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli kuna watu wanaohamisha wazee wao, akasema astaghfirullah. Lakini hakubadilika. Akasema atawaita wazee wenzake, na mpaka wakubaliane kaburi halichimbwi.

Basi ukakaa sebuleni kwa Mjomba, juu ya kabati, kando ya televisheni. Mzee aliyekataa kukuzika akakataza televisheni isiwashwe chumba ulichomo, na asubuhi akiamka alipita hapo akasimama kidogo kabla ya kwenda kusali. Kwaya ikaja kutoka Mikumi na sare zao, wakaketi kwenye mikeka uani wakila wali wa msiba usio na kaburi. Wazee wakazungumza, wakazungumza tena. Mmoja akapendekeza nikuzike kule kwako Mikumi, kando ya nyumba. Nilikaribia kukubali. Baba, nakuambia ukweli, nilikaribia. Nilikuwa nimechoka kuomba, kueleza, kusujudu mbele ya wazee ninaowapenda. Nilitaka mtu yeyote aniambie weka hapa, nami niweke.

Sikuwa nimewaita watani. Niliona aibu, nitawaita kwenye msiba gani, wa mtu ambaye hata hatujui anazikwa wapi. Lakini habari za msiba hazingoji mwaliko. Mchana mmoja Bi Mwanaidi alishuka kwenye bodaboda, amezeeka, miguu imevimba, amevaa koti la kiume na kofia yako moja kati ya zile alizokuibia, na mkononi ana mwiko wa ugali. Hakumsalimia mtu. Akapita moja kwa moja sebuleni, akatoka na wewe mikononi.

Akalipima lile sanduku kwa mkono mmoja, akatuangalia sote. Akasema, "Mtu mrefu vile. Mmempika mpaka amekauka hivi?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba alisimama. Bi Mwanaidi akakuweka juu ya kiti, akapanga viti vingine vitupu mbele yako, akasimama wima, akatoa tumbo, akainua mwiko. Akavuta pumzi. Baba, ilikuwa pumzi yako yenyewe, na bega la kushoto likapanda kidogo kama lako. Akaongoza viti. Akavikazia macho. Akakitazama kimoja kwa huzuni, akasema kiti hicho ni cha Ruhembe, kimechelewa. Kisha akapiga mwiko juu ya ndoo, akasema kwa lafudhi yako, "Hapana, hapana. Tena, kutoka mwanzo."

Yule kijana wa sauti ya chini, ambaye sasa ana watoto wanne, ndiye aliyeanza kucheka. Kisha kwaya nzima. Kisha wazee kwenye mikeka. Na mimi, ambaye sikuwa nimelia kule Uswisi wala kwenye ndege wala kwenye treni, nikalia kwa sauti mpaka wakanishika.

Mjomba akasubiri kicheko kitulie. Akamuuliza Bi Mwanaidi nani amemwita. Akajibu, tangu lini mtani akaitwa. Mjomba akasema, huku akijitahidi asionekane amecheka, kwamba utani ni kwa watu wa ukoo, na huyu hakuwa wa ukoo, alikuwa mgeni.

Bi Mwanaidi akavua kofia yako, akaishika. "Ramadhani, mgeni hataniwi. Mgeni ukimvua kofia ni wizi. Mimi huyu nimemvua kofia sokoni miaka yote, na wewe upo, unacheka mpaka unashika mbavu. Kama alikuwa mgeni, mbona hukunipeleka polisi?"

Ni kweli Mjomba alicheka. Walicheka wote, siku ile ya kwanza na miaka yote baada yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema acha, huyo si wetu. Walikuingiza kwenye ukoo kwa kicheko bila kufanya kikao, na sasa walikuwa wanafanya kikao cha kukutoa. Bi Mwanaidi hakungoja. Alijikokota na miguu yake ile mpaka makaburini, akaketi chini kando ya kaburi la Mama, akasema hatoki hapo mpaka mtani wake achimbiwe, na kama hawachimbi wamletee chakula hapo hapo.

Mwisho Mjomba akawaita vijana wachukue majembe. Walipouliza wachimbe shimo la ukubwa gani, kwa kuwa sanduku ni dogo, aliwakaripia. "La mtu mzima. Mrefu. Mkichimba fupi watu watasema tumezika kuku."

Wakachimba kaburi la urefu wako wote, Baba. Ilichukua mpaka jioni, ardhi ilikuwa ngumu. Mjomba mwenyewe alishuka akakuweka upande wa kichwani, akasema iliyobaki ni nafasi ya miguu, alikuwa na miguu mirefu yule. Kwaya ikaimba. Niliongoza vibaya, wa sauti ya kwanza wakatangulia na wa sauti ya tatu wakapotea, nami sikuwa na nguvu ya kuwasimamisha. Tukamaliza hivyo hivyo.

Tangu hapo nimerudi kazini. Kwaya wananiuliza mazoezi yanaanza lini, nawaambia bado. Nimefundisha, nimesahihisha, nimepokea wageni, nimejibu simu za watu wa okestra wanaotaka kujua umelala wapi ili walete maua. Sijui niwaelekeze vipi. Nawaambia waulize kwa Mzee Ramadhani.

Jumamosi iliyopita ilikuwa arobaini yako. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, sufuria hazikutosha, na nilisimama kutoka alfajiri nikigawa hiki na kile. Kabla ya chakula Mjomba alituita makaburini, akainua mikono, akawaombea marehemu wa ukoo kama anavyofanya kila mara tunapokusanyika pale. Alianza na bibi yake, akamtaja mama yake, akawataja wadogo zake wawili waliofariki utotoni, akamtaja Agnesi. Kisha, bila kupumzika, akakutaja wewe, Melkiori. Hakusema mume wa Agnesi. Hakusema mzungu wetu. Akaendelea na jina lililofuata, la binamu yake aliyezikwa mwaka huu.

Nilikuwa nimesimama, nafikiri, tangu siku uliyoniomba kwa simu. Nikakaa chini, Baba, pale pale kwenye udongo na gauni langu jipya, na hakuna aliyeniambia niinuke.

Lala salama hapo kwenu.

Ni mimi mwanao,
Felista